Siku Moja Kisumu: Bandari ya Mwisho wa Reli



Kwetu Mombasa neno "bara" lina uzito wake. Mtu akieleza kwamba mwanawe amepangiwa kazi au masomo bara, wanaomsikia humpa pole kwanza, kisha ndipo wakumbuke kumpa hongera. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu binti yangu wa pili alipopata nafasi ya kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Maseno, nje kidogo ya Kisumu. Mama mkwe wangu aliiweka tasbihi yake mapajani, akanitazama kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Mtoto wa kike, mwanangu, peke yake, huko ziwani? Nani atamwamsha daku? Adhana ataisikia wapi?"

Binti yangu hakujibu. Aliinuka, akaenda jikoni, na kwa siku tatu hakuitaja Maseno tena. Kimya chake kilinisumbua kuliko maneno ya bibi yake. Usiku wa tatu baba watoto akasema, "Tunauhukumu mji ambao hatujawahi kuukanyaga. Twende tukautazame. Tukirudi, tutakuwa na la kusema."

Basi tukafunga safari watu wanne: mimi, mume wangu, binti yetu, na kitinda mimba wetu mwenye miaka tisa. Mama mkwe alisema miguu yake haiwezi safari ya aina hiyo. Tulipokuwa tukimuaga alinishika mkono akaniagiza jambo moja tu: "Nisikilizieni adhana."

Njia ya gari la moshi

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Sisi tulipanda treni ya mchana hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Wakati wa kupanda mlima, watoto wakiwa wamelala, nilikumbuka kwamba njia hii yote imeanzia kwetu. Reli ya zamani ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kazi hiyo ilileta wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini kutoka Bara Hindi, na takriban elfu mbili na mia tano kati yao hawakurudi makwao. Waliuawa na maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Desemba 1901, baada ya kilomita zipatazo 940, reli ikagusa maji ya ziwa. Mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji reli, Ronald Preston, aliyefuatana na mumewe kambi hadi kambi.

Jina hilo la kigeni halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao, nalo latokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali kwa mali. Penye njaa upande mmoja na mavuno upande wa pili, watu walikutana hapa: huyu na mtama, yule na samaki, mwingine na chungu. Kwa maana hiyo soko ni la zamani kuliko reli, na mji wenyewe waitwa kwa jina la biashara yake.

Jambo jingine litakalowashangaza watoto wetu wa shule ni kwamba reli ilipofika, Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa chini ya himaya ya Uganda, na ndiyo sababu reli hiyo ikaitwa Reli ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902, na mji ukahamia upande wetu bila ya kusogea hata hatua moja. Karne moja baada ya reli kufika, mwaka 2001, Kisumu ikatangazwa kuwa jiji.

Bandarini asubuhi

Tuliteremka kabla ya alfajiri, tukaswali katika msikiti mmoja karibu na kituo, tukanywa chai, na kulipopambazuka tukaelekea ufukweni. Ndani ya bandari huingii bila kibali, nasi hatukuwa nacho. Tulitosheka kusimama kando na kutazama.

Mtu wa Pwani akiambiwa "bandari" hutarajia harufu ya chumvi. Hapa hakuna chumvi. Hewa ni nzito na baridi, ina harufu ya matope, majani na moshi wa kuni. Maji hayakupwa wala hayakujaa muda wote tulipokuwa pale, na mwanangu alishindwa kuvumilia.

"Baba, maji kupwa hapa ni saa ngapi?"

"Hakuna, mwanangu. Hili ni ziwa."

"Basi wavuvi wanajuaje wakati wa kutoka?"

Baba yake alicheka, ila swali lilikuwa zuri, na jibu lake tulilipata baadaye sokoni.

Ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Kenya imepata takriban asilimia sita tu ya eneo hilo. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Kisumu yenyewe haikutazama ziwa wazi, bali imekaa ndani ya ghuba ya Winam, kama mtu aliyeketi kwenye kona ya ukumbi mkubwa.

Meli ya kwanza ya moshi iliyoundwa hapa ilikuwa SS William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900. Ilifika Mombasa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, na kwa kuwa reli ilikuwa bado haijafika mbali, vipande hivyo vilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi ziwani. Fikiria, dada msomaji: chuma cha meli juu ya mabega ya binadamu, kupita Taru, kupita Bonde la Ufa. Majina ya wapagazi wale hayakuandikwa popote ubavuni mwa meli.

Baada ya hapo meli nyingine zilifuata, na kwa miongo mingi Kisumu ikawa mlango wa Uganda na wa pwani ya ziwa ya Tanzania. Mwaka 1966 ikaanza kazi MV Uhuru, meli iliyoweza kumeza mabehewa ya treni na kuyateremsha ng'ambo yakiwa na mizigo yake. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ikavunjika mwaka 1977, biashara ikapungua, na bandari ikazoea kulala. Katika miaka ya karibuni imefanyiwa ukarabati, MV Uhuru imerejea majini, na meli ya pili, MV Uhuru II, imeundwa hapa hapa Kisumu.

Lakini vyombo vya watu wetu vilitangulia meli za moshi. Wafanyabiashara wa Pwani na Unguja walijenga majahazi katika ziwa hili tangu karne ya kumi na tisa. Anayetajwa sana katika maandiko ya zama hizo ni Songoro, aliyekuwa na kituo chake upande wa Mwanza na aliyeuawa Ukerewe mwaka 1877. Hadi leo utaona mashua za wavuvi zimepandisha tanga la pembe tatu, lililokatwa kama la jahazi letu. Binti yangu aliliona la kwanza likitoka taratibu kwenye ukungu, akanigusa bega.

"Mama, tazama. Kama Lamu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya furaha tangu tuondoke nyumbani.

Mtaa wa maduka ya kale

Kutoka ziwani tulipanda polepole kupitia Barabara ya Oginga Odinga, kwenye maduka ya zamani yenye vibaraza na nguzo. Atakayetoka Mji wa Kale wa Mombasa hatajiona mgeni. Ni maduka ya mtindo ule ule wa Wahindi waliofuata reli: duka mbele, nyumba nyuma au ghorofani.

Katika hao, mmoja tunamjua sote kwa jina, ingawa huenda hatumjui kwa habari zake. Allidina Visram, ambaye shule ya upili ya Mombasa inabeba jina lake, alitoka Kutch angali kijana mdogo, akaanzia biashara upande wa Bagamoyo na Unguja, kisha akafungua maduka kila reli ilipopiga hatua, Kisumu ikiwemo, hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mombasa anayepita lango la shule ile kila siku ana uzi unaomuunganisha na kibaraza cha Kisumu.

Tulipita pia mbele ya Msikiti wa Jamia, jengo la kijani na nyeupe lililojengwa mwaka 1919. Mume wangu alisimama, akahesabu kwa vidole. "Zaidi ya miaka mia moja," akasema. "Nasi twauliza kama adhana inasikika."

Kibuye, siku ya Jumapili

Kama una siku moja tu Kisumu, ichague Jumapili, kwa sababu ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye. Siku nyingine za wiki soko lipo, lakini Jumapili hufurika hadi kando ya barabara kuu. Ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika nchi yetu. Upande mmoja ni mitumba iliyorundikwa kama vilima. Upande wa pili mafundi wa mabati wanagonga masufuria na masanduku. Huku vitanda na viti vipya vinanukia mbao mbichi. Kule vyungu vya udongo vimepangwa kwa ukubwa, na vikapu vya mafunjo vimetundikwa hadi juu.

Mimi niliyalenga magunia ya samaki wakavu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, amekaa juu ya kigoda kati ya marundo ya omena waliong'aa kama vipande vya fedha. Hawa hufanana na wale dagaa wetu, isipokuwa ni wa maji baridi. Kipimo chake kilikuwa gorogoro, mkebe mkubwa wa bati ambao bara ndio mizani ya wengi. Nikamwambia sisi kwetu wazee walipima kwa kibaba na pishi.

"Kibaba ni kidogo, mama," akanijibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya ziwani. "Hapa tuna familia kubwa." Akajaza gorogoro hadi likafanya mlima, kisha akatupia konzi moja zaidi. Nikajua hata huku kuna nyongeza.

Mwanangu hakuwa amesahau swali lake. "Shikamoo, mama. Wavuvi wa hapa wanajuaje wakati wa kutoka, na maji hayapwi?"

Yule mama hakuizoea shikamoo, lakini aliielewa. Akamwita karibu. "Sisi tunatazama mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umejaa kila mahali, hawaji. Basi mwezi ukijaa, wavuvi wanapumzika. Ukiwa mwembamba au umepotea, wanaingia majini."

Nikamtazama binti yangu, naye akanitazama. Nasi tunahesabu mwezi. Kila mwaka tunapanda juu ya madari kuutafuta mwezi mwandamo, na huku kuna watu wanaohesabu siku hizo hizo kwa ajili ya riziki yao.

Mama yule alitufundisha mengi ambayo mpishi wa Pwani anastahili kuyajua. Ngege ni samaki wa mfupa mwingi na nyama tamu, anayekaangwa mzima kisha kutiwa mchuzi. Mbuta ni yule mkubwa wanayemwita sangara ng'ambo ya Tanzania. Si mwenyeji, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala samaki wadogo waitwao fulu hadi wengi wakatoweka. Minofu yake huuzwa nchi za nje, na kinachobaki baada ya kiwanda kuchukua nyama, yaani kichwa na uti wa mgongo, hukaangwa na kuuzwa kwa mwananchi kwa jina la "mgongo wazi." Niliposikia jina hilo nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Samaki anavuliwa mlangoni pako, na wewe unabakiwa na mifupa.

Akatuonya pia tusije kutafuta omena wabichi kuanzia Aprili hadi Julai, kwani miezi hiyo uvuvi wake hufungwa ili samaki wazaane. "Miezi hiyo," akasema, "ndiyo mwanamke anajulikana kama aliweka akiba."

Nikamlipa. Akanipigia hesabu kichwani haraka kuliko simu yangu. "Erokamano," nikamwambia, neno moja la shukrani ambalo binti yangu alikuwa amelisoma ndani ya basi na kulirudia usiku kucha. Majirani zake wote wakapiga vigelegele.

Kaloleni isiyo ya Kilifi

Jirani yetu wa Mombasa alikuwa ametuandikia anwani ya jamaa zake, mtaa wa Kaloleni. Kitinda mimba akapinga. "Kaloleni? Si tumeiacha Kilifi?" Lakini Kisumu nayo ina Kaloleni yake, mtaa wa zamani wenye Waislamu wengi, na tulipoingia kichochoroni nilijua tumefika hata kabla ya kuuliza. Harufu ya wali wa nazi haina kificho.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, amejitanda leso ya Pwani. Tulipompa salamu alituitikia kwa utaratibu ule ule wa kwetu: hujambo yako, ya watoto, ya wazee, ya safari. Babu yake, akatuambia, alikuja na gari la moshi kufanya kazi, akaoa hapa, akazikwa hapa.

"Watu wa Pwani mnadhani mmeacha Uislamu nyuma mkipita Mariakani," akasema huku akitupakulia. Alitutajia walio jirani zake: Waswahili, Wanubi waliotokana na askari wa zamani, Wasomali, Wahindi, na Wajaluo Waislamu, ambao wengine babu zao walisilimu kitambo. Akatukumbusha Mumias, alikokuwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyewapokea wafanyabiashara wa Pwani, na kutokana na ugeni huo dini ikapata mizizi magharibi mwa Kenya. Akatutajia Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, bandari ndogo ya kale yenye Msikiti wake wa Tawakal.

Tulikula wali, ngege wa kukaanga, mboga chungu ya kienyeji iliyopikwa kwa maziwa, na ugali kwa wale waliotaka kujaribu. Kisha mume wangu akaenda msikitini, nasi tukatandikiwa chumbani. Nikamsikia binti yangu akiuliza kibla.

"Kwenu Mombasa," bibi akamwambia, "mnaelekea kaskazini barabara. Hapa geuka kidogo tu kuelekea mashariki. Kidogo, si sana." Akamshika mabega akamgeuza taratibu, kama mtu anayeweka chombo mahali pake.

Ni kweli. Makka iko karibu kaskazini tupu ya Mombasa, na kwa kuwa Kisumu iko magharibi zaidi, uso wa mwenye kuswali huelemea mashariki kidogo. Binti yangu aliswali kwa kasiri, kama msafiri, na alipotoa salamu alibaki juu ya mkeka kwa muda.

Dunga, na maneno ya kina mama

Alasiri tulipanda tuktuk hadi ufuo wa Dunga, kusini mwa jiji, penye kinamasi cha mafunjo na njia ya mbao ya kutembelea juu ya maji. Mwanangu aliona uwanja wa kijani umetanda juu ya ziwa akataka kwenda kucheza mpira. Ni gugumaji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini na kulivamia ziwa kuanzia miaka ya 1990. Linaziba njia za mashua na kunasa nyavu. Hata hivyo, wapo mafundi wanaolikausha na kulisuka vikapu na viti. Tulinunua kikapu kimoja kwa ajili ya mama mkwe.

Kando ya mashua, kina mama walikuwa wameketi na beseni tupu wakingoja. Nilikaa nao. Baada ya mazungumzo ya watoto na ya bei, mmoja akaniambia jambo ambalo nimefikiri sana kama ni la kuandikwa humu. Nimeona ni la kuandikwa, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni wanawake na wengine ni wachuuzi.

Mwanamke asiye na mashua, akasema, hutegemea mvuvi. Samaki wakiwa wachache na wanunuzi wengi, wapo wavuvi wasioridhika na fedha, wakataka malipo mengine, ya mwili. Mtindo huo una jina lake kando ya ziwa: jaboya. Umevunja nyumba nyingi na kueneza maradhi. Mjane mwenye watoto watano atasema nini, na jua linazama, na beseni ni tupu?

Mwaka 2011, kwenye ufuo wa Nduru, kundi la wanawake lilikata shauri kwamba dawa yake si mahubiri peke yake. Walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue, na samaki wakishuka ni wao wanaopanga nani auziwe. Mafuriko ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko kawaida, yaliwarudisha nyuma sana, yakazamisha nyumba na mashamba. Lakini walichokithibitisha hakikuzama: mwenye chombo ndiye mwenye kauli.

Sisi Pwani tuna mchezo wetu wa kuchangiana, na wengi tunautumia kwa vyombo vya kabati na sare za harusi. Silaumu, nami nimo. Nilipokuwa nimeketi Dunga nilijiuliza ni wajane wangapi wa mitaa yetu ambao cherehani moja au friji moja ya samaki ingewaokoa na fedheha wasiyoweza kuitamka.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Tulipokuwa tukirudi kwenye tuktuk alisema kwa sauti ndogo, "Mama, watoto wa kina mama hawa ndio nitakaowasomesha nikifanya mazoezi ya ualimu huku." Hakusema kwamba anataka kwenda. Hakuhitaji kusema.

Dakika ishirini

Tulirudi Kaloleni jua likielekea kuzama. Bibi alikuwa ametuandalia chai ya tangawizi na mahamri, nasi tukaketi barazani. Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mmeshaswali magharibi?"

"Bado, mama. Jua halijatua."

"Halijatua? Mimi nimeshatoa salamu na suna nimemaliza! Nyinyi mko wapi, nchi gani?"

Bibi wa Kaloleni akaiomba simu. Wakasalimiana kama waliojuana miaka, kisha nikamsikia akimweleza kwamba Kisumu jua hutua takriban dakika ishirini baada ya Mombasa, na huchomoza vilevile kwa kuchelewa, hivyo anayefunga huku hafungi zaidi ya anayefunga kule. Wakahamia kwenye daku, kisha kwenye mapishi, kisha kwenye maradhi ya magoti. Katikati ya magoti, adhana ikatoka.

Bibi aliinyosha simu kuelekea mlangoni. Sote tulinyamaza. Kutoka ndani ya simu nilimsikia mama mkwe wangu akimjibu mwadhini, neno kwa neno, kutoka upande wa pili wa nchi. Ilipokwisha, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwambieni mjukuu wangu nitamnunulia blanketi. Nasikia huko usiku kuna baridi."

Maseno yenyewe tuliifikia Jumatatu, mwendo mfupi kutoka Kisumu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Yale ya usajili na makazi yana makala yake. Tulikubaliana na binti yetu mambo matatu: apige simu kila baada ya isha, siku za mapumziko aende Kaloleni kwa bibi aliyempata, na asije akakosa chakula akanyamaza. Yeye naye akatupa sharti lake: tusimpe tena mtu pole kwa niaba yake.

Kwa familia itakayopenda kwenda

Fikeni Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri ili Kibuye mwikute asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya mvua ya alasiri, ambayo kando ya ziwa huja bila kubisha hodi. Chukueni mwavuli na viatu visivyoogopa tope. Usiku laleni ndani ya chandarua, maana mbu wa ziwani hawana staha. Msiwaache watoto waoge ziwani; viboko wapo, na maji yaliyotuama yana kichocho. Omena wakavu wafungeni vizuri kwenye mfuko wa pili, la sivyo nguo zenu zitawasimulia majirani safari kabla yenu. Saa za swala zitazameni upya kwa kalenda ya huko, na kibla geukeni kidogo mashariki.

Kidogo tu, kama alivyosema bibi. Wassalaam alaykum.